Negativu Imetunzwa, Taja Nambari

Mwezi uliopita nilifunga studio yangu hapa Embu mjini. Nilitia kufuli nikaivuta mara mbili kuhakikisha imeshika, ingawa ndani hamkuwa na kitu ambacho mwizi mwenye akili angebeba. Kamera nimekuja nazo nyumbani, na koti la studio pia. Nyinyi vijana mnaopiga picha pale stendi na nje ya ofisi za serikali mmeniuliza mara nyingi nilivyoanza kazi hii, na mara nyingi niliwajibu kwa mkato, kwa sababu nilikuwa na mteja au nilitaka mdhani nina mteja. Sasa sina. Nitaandika.

Sitaandika nilipata ngapi wala nilipanda cheo lini. Katika kazi hii cheo ni kimoja tu, mpiga picha. Chini yake kuna anayeshika taa, na juu yake kuna Mungu, ambaye naye hushika taa.

Mwaka jana kijana mmoja aliyefungua mkahawa karibu na chuo kikuu alikuja kwangu akaegemea kaunta.

"Mzee Nyaga, uko na zile mapicha za kitambo? Za black and white? Nataka nijaze ukuta wote."

"Za nani?"

"Za mtu yeyote. Bora ziwe za zamani."

"Yaani unataka watu usiowajua wawakodolee wateja wako macho wakila chapati?"

"Sasa hapo umenielewa, mzee. Watu wanazipenda hizo sana siku hizi."

Nilimwambia sina. Akadhani ninavuta bei, akapandisha. Nikasema sina. Akapandisha tena. Kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mbele ya mtu anayejipandishia bei mwenyewe, nami sina cha kumuuzia. Alipoondoka nilikaa chini. Kwa nini sina ndiyo habari yenyewe, lakini lazima ianzie mbali.

Niliingia kazini miaka michache baada ya uhuru, mjini Meru, na niliingia kama muuzaji. Nilikuwa natembeza vioo na vitana sokoni. Siku moja nikaingia katika studio ya mzee aliyeitwa Kirimi, nikamwonyesha kioo chenye fremu ya bati. Akataja bei yake, nikataja yangu, tukavutana mpaka chai yake ikapoa.

"Kijana," akasema, "umekataa kushuka hata senti kumi kwa kioo chenye ufa."

"Ufa uko pembeni, mzee. Uso hukaa katikati."

Alicheka akanipa kazi. Alisema mtu anayeweza kuwauzia watu sura zao kwenye kioo ataweza kuwauzia kwenye karatasi. Kioo alikichukua bure, akakiita ada ya kuingia. Kirimi ni mmoja wa watu wawili tu walionishinda kwa bei. Wa pili mtakutana naye mbele.

Studio ilikuwa chumba kimoja na kijichumba cha giza nyuma. Ukutani palitundikwa shuka lililochorwa Mlima na theluji yake, na ndege ikipita juu. Ungefungua mlango ungeuona Mlima wenyewe bure, lakini hakuna mteja aliyetaka ule wa nje. Wa nje haukuwa na ndege. Kulikuwa na kiti kimoja, redio isiyosema, maua ya plastiki, na koti. Koti hilo la kijivu lilipigwa picha nyingi kuliko mtu yeyote wa Meru na Embu. Wanaume wanene tulilifungua mgongoni, wembamba tukalibana nyuma kwa vibanio vya nguo. Mkiona picha ya babu yenu akiwa amenyooka kama mwanajeshi, msiseme wazee wa zamani walikuwa na adabu. Huenda alikuwa na vibanio sita mgongoni.

Kamera yetu ilikuwa ya macho mawili, unayoishika tumboni na kuangalia chini kama mtu anayesali. Kirimi hakuniruhusu kuigusa miezi minne. Nilichota maji, nikachuja kwa kitambaa, nikapasha dawa. Mwezi wa saba Meru hupiga baridi mpaka dawa ya kuoshea picha inalala, na picha inatoka kijivu kama ugali wa jana. Tuliweka jiko la makaa mlangoni mwa chumba cha giza, si ndani, maana ndani tungekufa. Nilijifunza joto la dawa kwa kiwiko, kama mama anayepima maji ya mtoto. Kipimajoto kilikuwepo, lakini Kirimi alikificha asikivunje mtu kama mimi.

Filamu ya wakati huo ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Kirimi aliziita vyumba.

"Hii ni nyumba ya vyumba kumi na viwili," alisema. "Kila chumba kiwe na mpangaji. Kikiharibika, uniandikie sababu."

Palikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Kila picha ilikuwa na nambari yake, jina la mteja na mahali, na ikiharibika, sababu. "Bahati mbaya" haikukubaliwa. "Bahati mbaya si jina la mtu," Kirimi alisema. "Nani alifanya nini?" Kwa hiyo vitabu vile vimejaa. Mbuzi alipita. Bibi harusi alipiga chafya. Mzee aliondoka kitini kwenda kumsalimia chifu. Niliyaandika yote kwa hofu ya kukatwa mshahara, kwa mwandiko mdogo, ili ukurasa utoshe mengi. Sikujua ninaandika nini.

Filamu ikishakauka tuliikata vipande vya picha tatu tatu, tukatia kwenye bahasha yenye nambari, bahasha kwenye maboksi ya viatu, maboksi kwenye rafu. Hapo ndipo Kirimi alipokuwa mkali kuliko padre.

"Karatasi aliyokwenda nayo mteja ni muthere, mahindi na maharagwe ya sufuriani," aliniambia. "Italiwa na watoto, na mvua, na mke akikasirika. Negativu ni mbegu. Mama yako alitundika wapi mbegu?"

"Juu ya meko, kwenye moshi."

"Na mlipolala njaa, nani alinyoosha mkono kule?"

"Hakuna."

"Basi."

Alikuwa na muhuri mdogo wa mpira, na kila picha iliyotoka pale ilibeba mgongoni maneno ya wino wa zambarau: NEGATIVU IMETUNZWA. TAJA NAMBARI. Nimegonga muhuri huo maelfu ya mara. Nilijisifu kwamba hata nikiwa nimefumba macho haukwenda upande.

Aliponiamini alinituma Kianjai siku za soko. Huko nilijifunza miguu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyekuja na mkewe na viatu vipya. Niliwasogelea nipate nyuso vizuri, kama mafunzo yalivyosema. Wiki iliyofuata nikampelekea picha.

"Miguu iko wapi?" akauliza.

"Mzee, nimechukua uso. Tazama ulivyotoka."

"Uso wangu wanaujua. Viatu ndivyo hawajaviona."

"Lakini picha ni nzuri."

"Umenitoa nusu. Nami nitakulipa nusu."

Watu walikuwa wamekusanyika, na mkewe akaongeza kuni. "Nusu ya mwanamume nitaipeleka wapi? Nitaambia watu amekatwa na nini?" Nililipwa nusu, ingawa hiyo naihesabu faini, si bei. Tangu siku hiyo sikumkata mtu miguu asipotaka. Mkiwasikia watu wa leo wakishangaa mbona picha za zamani watu wamesimama mbali, wadogo, wazima toka kofia hadi kiatu, jibu ni hilo. Mtu alipigwa picha moja katika miaka kumi. Alitaka aingie mzima.

Na nadhani hicho ndicho kijana wa mkahawa anachokipenda bila kukijua. Si rangi ile ya chai. Watu wale waliitazama kamera kama mtu anayetazama hakimu. Walikuwa wametembea, wamekopa mkufu, wameoga katikati ya wiki. Nyinyi mnampiga mtu picha arobaini akitafuna, na hakuna hata moja anayoikumbuka.

Sasa nifike Siakago.

Ilitangazwa kwamba wanawake nao wachukue vitambulisho. Kabla ya hapo kipande, kitambulisho cha zamani, kilikuwa kitu cha wanaume. Ghafla kila mwanamke mzima wa Mbeere alihitaji picha, na wengi wao hawakuwahi kupigwa hata moja. Kirimi alikuwa amefungua tawi hapa Embu na kuniweka mimi. Akanipa filamu, akazihesabu, nikazihesabu, akanituma Siakago nikakae mpaka zimalizike.

Niliweka benchi nje ya duka, mbele ya shuka jeupe, na nyuma ya duka nikaziba dirisha kwa magunia pawe chumba cha giza. Joto lile dawa haikuhitaji makaa, ilihitaji kuombewa. Vumbi liliingia kila mahali. Foleni ilianza asubuhi na haikukatika. Kwa kuwa filamu zilikuwa chache na wanawake wengi, nilifanya tulivyokuwa tukifanya sote katika kazi hii: niliwakalisha wanne wanne kwenye benchi, picha moja, kisha makasi yakawatenganisha. Wanawake wanne wasiojuana, bega kwa bega, ndani ya chumba kimoja. Kirimi angefurahi. Wapangaji wanne kwa chumba.

Siku ya pili alikaa mwishoni mwa benchi mwanamke mmoja aliyeitwa Rwamba, na mtoto wa kiume wa mwaka hivi mgongoni. Akamtoa mgongoni, akampakata.

"Mama, kitambulisho ni chako peke yako," nikamwambia. "Mpe mwenzako amshike."

"Akishikwa na mtu mwingine atalia. Akilia mtakaa hapa mpaka jioni."

"Basi kaa naye. Makasi yatajua la kufanya."

Wenzake wakacheka, ila mmoja akasema, "Makasi yako yasije yakamkata mtoto wa watu." Ilibidi nirudie picha hiyo mara moja. Sababu niliiandika kitabuni, nikaisahau.

Kesho yake niligawa picha zikiwa bado na unyevu, mbili kwa kila mmoja, ya karani na ya kubaki nayo. Niliwafundisha wote pamoja, kwa sauti ya mnada: "Shikeni kando kando! Kidole kisiguse katikati. Uso ukiguswa na jasho unaondoka." Basi ungewaona, wanawake wenye mikono ya kulima, wameshika vipicha vidogo kwa kucha kama wameshika nyuki.

Rwamba alitazama yake muda mrefu. Nilikuwa nimekata vizuri, lakini mtoto alikuwa amemshika mama yake bega, na vidole vitatu vilibaki pembeni mwa picha. Karani wa vitambulisho alikuwa ameshaviona.

"Hivi vidole navyo," akauliza, "vimefika miaka kumi na minane?" Lakini alikuwa amechoka na foleni, akapitisha.

"Na mwenye vidole?" Rwamba akaniuliza mimi.

"Yuko kwenye negativu. Picha nzima ipo, wewe na yeye. Ukitaka nikuoshee, ina bei yake."

Hakuwa nayo. Akatoa mayai matatu kwenye kitambaa. Ningeweza kuyachukua. Sikuwa na njaa, lakini nilikuwa na kanuni, na mayai, nikamwambia, husafiri vibaya. Akayafunga tena.

"Nitakuja siku nyingine," akasema.

"Njoo hata baada ya miaka. Hailiwi na mchwa wala na mtu. Nambari iko mgongoni, taja tu."

Nilimaliza filamu, nikarudi Embu. Miaka ikaenda. Kirimi alizeeka, macho yakamwacha kabla ya akili, akaniachia studio yote. Alinipa maboksi yake ya Meru pamoja na yangu, na vitabu vyote vyeusi. Hakutaka malipo. Hilo lilipaswa kunishtua, mtu yule kutotaka malipo. Aliweka mkono juu ya boksi moja akasema tu, "Usile." Akafa kabla ya mavuno.

Kisha ikaja rangi, ikaja mashine ya kuosha picha kwa saa moja, zikaja kamera zisizo na filamu, mkaja nyinyi na simu zenu. Stoo ya nyuma, yalipokaa maboksi, ilianza kuvuja. Watu waliacha kuja na nambari. Mwaka mzima aliweza kuja mmoja, au asije. Nilianza kuyaona yale maboksi kama mpangaji asiyelipa.

Siku moja akaja mtu kutoka Nairobi. Alikuwa akizunguka akinunua filamu za eksirei na negativu kuukuu, zikayeyushwe huko zitolewe madini ya fedha yaliyomo. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza. Nikamwambia, "Mizani yako nimeiona. Sasa tukaione ya muuza mahindi." Tulipima mara mbili, magunia sita, na ya kwake ilikuwa imeniibia. Nilimshika hapo hapo nikamkamua mpaka bei ikakaribia maradufu.

"Mzee, umeniua," akasema.

"Basi gharama ya mazishi ni yako."

Nilifurahi. Sitawaficha. Nilitembea mjini nikijipongeza kama mtu aliyeuza ng'ombe kiwete kwa bei ya fahali. Nilihesabu kila kilo mara mbili, na sikuinua hata kipande kimoja kwenye mwanga nione ninauza nani. Vitabu alivikataa, karatasi haikumfaa, vikabaki. Pesa zenyewe nilitengenezea paa la stoo. Mpaka leo halivuji tone. Ndani hamna kitu.

Miezi minane baadaye, nimeihesabu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Siakago aliingia studioni. Jina lake Marigu. Aliweka kauntani kipicha kidogo cha mwanamke mwenye uso mkavu na macho yasiyoomba kitu. Pembeni, begani, vidole vitatu.

"Mzee, nyuma kuna nambari," akasema. "Mama amenituma. Anasema ulimwambia aje hata baada ya miaka."

Nikageuza. Muhuri ulikuwa umenyooka sawasawa.

"Vidole ni vyako?" nikauliza, nipate muda.

"La. Ni vya kaka yangu, Nthiga. Alikufa kwa surua mwaka uliofuata, mimi sijazaliwa. Hana picha nyingine. Hata hii si picha yake, ni vidole tu." Alicheka kidogo, cheko la mtu anayejizuia. "Mama amelala tangu mwezi wa pili. Moyo umechoka. Hataki dawa, hataki nini, anataka aone uso wa mtoto wake. Anasema ameanza kuusahau, na anaogopa akifika huko hatamjua."

Nina maneno mengi kwa kila mteja. Huyo nilimpa mawili tu. Nilimwambia negativu hazipo. Akadhani ninazungumzia malipo, akafungua mkoba.

"Hapana, mwalimu. Niliziuza."

"Kwa nani? Twende tukazinunue."

"Zimeyeyushwa."

Alitazama muhuri, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayemsikiliza mwanafunzi akisoma. "Ne-ga-ti-vu imetunzwa." Akauliza, "Sasa mimi nitamwambia nini?"

Nikasema mwambie mzee wa studio anaomba msamaha.

"Hapana," akasema. "Hilo utakuja kumwambia wewe."

Nilikwenda Jumamosi. Nilibeba kitabu cheusi cha miaka ile, sijui kwa nini, labda nisiingie mikono mitupu. Njiani nilifikiria la kusema. Nilifikiria hata kudanganya. Mtoto wa mwaka mmoja ana uso gani wa ajabu? Ningeweza kutafuta picha ya mtoto yeyote wa enzi zile, nikaiosha, nikaifubaza kwa chai. Ufundi ninao. Nawaambia hili mjue kazi yetu inaweza kumfikisha mtu wapi.

Rwamba alikuwa kitandani, dirisha wazi, amekonda lakini macho ni yale ya kipicha. Alizungumza Kimbeere, nami Mwembu nilimsikia bila shida.

"Wewe wa picha," akasema. "Umezeeka vibaya."

"Nimezeeka, mama."

"Umeniletea?"

Nikamwambia. Nilisema yote, mpaka magunia. Marigu alisimama mlangoni akitazama nje. Rwamba akauliza jambo nililoliogopa zaidi.

"Lakini wewe ulimwona. Ulichungulia ndani ya kile kisanduku. Alikuwa anafanya nini?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimepiga wanawake wanne wanne siku nyingi, na nilichokumbuka ni joto na vumbi na hesabu ya filamu. Nikafungua kitabu ili nisimtazame. Nikatafuta nambari iliyo nyuma ya kipicha, nikaikuta. Mstari wa juu yake ulikuwa na alama ya msalaba, ile tuliyoweka kwa chumba kilichoharibika, na pembeni mwandiko wangu mdogo wa kumwogopa Kirimi.

"Mama, nimepata kitu," nikasema. "Ngoja nisome. Picha ya kwanza imeandikwa hivi: 'Siakago. Wanawake wanne. Imeharibika. Mtoto wa Rwamba alimgeukia mama yake akacheka, akavuta hereni.' Halafu ya pili: 'Wanawake wanne. Nzuri. Mtoto ametulia.'"

Mkono wake ulipanda sikioni, ukagusa pale hereni ilipokuwa ikikaa zamani.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma tena.

"Alikuwa akizivuta," akamwambia Marigu. "Hereni. Nilikuwa nimesahau. Alikuwa akizivuta mpaka nikaziacha." Akalala, akicheka kwa pua. Kisha akanigeukia. "Na uso?"

"Uso niliuuza, mama."

"Kwa bei gani?"

Nikamtajia, kwa kilo. Sikuipunguza.

Alifikiri kidogo, kama mtu aliye sokoni ambaye hana haraka. "Hukuniuliza mimi kwanza," akasema. "Ningepanda."

Huyo ndiye wa pili aliyenishinda kwa bei. Nilichukua makasi ya Marigu ya kazi ya shule, nikakata ukurasa ule kwenye kitabu, karibu na mshono, bila kupindisha. Nikampa. Hakujua kusoma, na aliushika juu chini. Sikuugeuza. Aliushika kando kando, kwa kucha, kidole kisiguse katikati.